Mzee Wathome Avua Aproni ya Waridi

Tarehe 30 Septemba 2003, Mzee Titus Wathome, mkufunzi wa shabaha na fundi wa bunduki wa Ranchi ya Nzeveni, atastaafu baada ya kuitumikia ranchi hii kwa miaka thelathini na mmoja. Hiyo ndiyo sentensi ambayo ofisi iliniagiza nianze nayo, nami nimeianza nayo kwa adabu zote. Sasa adabu zimekwisha, wacha tuzungumze.

Anayeandika ni Kalekye wa stoo. Dirisha langu la kutolea vifaa linatazamana na meza ya Mzee, kwa hivyo nimemsikiza akifundisha kuliko nilivyomsikiza pasta wangu. Mtu akiniamsha usingizini leo na kuniuliza bunduki ya bolti inafanyaje kazi, nitamweleza yote kabla sijafungua macho. Na sijawahi kufyatua hata risasi moja maishani mwangu! Hayo ni madhara ya kukaa karibu na Mzee Wathome.

Alizaliwa Katangi, akaja kwetu mwaka 1972 kama skauti wa kawaida, kazi yake kulinda ng'ombe dhidi ya wezi na fisi, na kulinda kongoni dhidi ya watu wenye sufuria kubwa. Alipewa bunduki ya zamani, ile ya kuingiza risasi moja baada ya nyingine kwa mkono wa bolti. Wiki ya kwanza tu akataka kujua ndani kuna nini. Akaifungua kitandani. Springi ikaruka, ikatoka dirishani, ikapotea. Kambi nzima ilipekua nyasi mpaka saa ya chakula, na springi ikapatikana ndani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwenye sahani ya meneja. Meneja wa wakati ule ilimbidi achague moja, kumfukuza kijana huyu au kumpeleka kozi ya ufundi. Nashukuru kwamba muthokoi ile ilikuwa tamu, kwa sababu alimpeleka kozi.

Aliporudi akawa fundi, na kufikia 1984 akawa mkufunzi wa maskauti wote. Tangu hapo hakuna aliyebeba bunduki Nzeveni bila kupitia mikononi mwake, na tangu hapo hakuna komeo la mlango lililodumu katika ranchi hii. Subirini, nitawaeleza.

Somo lake lilikuwa na maneno manne: vuta, sukuma, laza, finya. Ukivuta bolti nyuma, ganda la risasi iliyotumika linaruka nje. Ukiisukuma mbele, inaokota risasi mpya kutoka magazini, kile kisanduku cha risasi, na hapo hapo inakoki, yaani inakaza tayari, springi ya ile pini inayogonga risasi. Ukiilaza chini, mlango umefungwa. Ndipo sasa, na si kabla, kidole kinaingia kwenye triga na kufinya. Katikati ya laza na finya Mzee aliweka pumzi moja. Alisema hiyo pumzi ndiyo bunduki yenyewe, mengine ni chuma na mbao. Maskauti wapya walicheka. Baada ya wiki mbili walikuwa wanapumua hivyo hata wakiinua kijiko cha uji.

Ili mikono yao izoee, aliwaagiza wafanye mazoezi kwenye kila komeo watakalokutana nalo. Ee mwaitu, mama yangu! Walitii kupita kiasi. Komeo la choo cha wanaume lilikatika Machi, la banda la kuku likakatika Aprili, na kuku wakahamia ofisini kwa meneja. Skauti mmoja alikaa karibu na mlango wa kanisa Jumapili, na wakati wa maombi ya kimya tukasikia vuta, sukuma, laza, vuta, sukuma, laza, mpaka pasta akasema amina kabla ya wakati. Mimi nilikuwa nikiagiza makomeo mjini Machakos mara nyingi hivi kwamba mwenye duka aliniuliza kama tunajenga gereza.

Zoezi la pili lilikuwa la kifuniko cha soda. Bunduki tupu, iliyokaguliwa na watu wawili, kifuniko juu ya mtutu, kisha skauti afinye triga polepole mpaka itoe sauti. Kifuniko kikianguka, unarudia. Siku moja Mzee aliita wafanyakazi wote wa ofisi nao wajaribu. Mhasibu wetu aliangusha kifuniko, akaangusha miwani, halafu akaiangusha ile meza. Mzee alimpongeza kwa moyo wake wa kujitolea. Mhasibu mpaka leo anasema meza ile ilikuwa na mguu mbovu.

Sasa tufike kwenye aproni, maana najua ndiyo mnayoingoja.

Kila Juni, sisi na jirani zetu wa Ranchi ya Mukuyoni hushindana kulenga shabaha, katika uwanja ulio kwenye bonde nyuma ya kilima, mbele ya refa na bendera nyekundu. Mkufunzi wa Mukuyoni ni Mzee Wesley Mumo. Huyu na Mzee Wathome walifanya kozi pamoja, walioa mwaka mmoja, na hawajawahi kusalimiana bila kutaniana. Mwaka 1985 walikubaliana kwamba mkufunzi atakayeshindwa atavaa aproni, achome mbuzi, na kuwahudumia washindi mpaka wa mwisho ashibe, akianza na ini la kwanza kwa mkufunzi mwenzake aliyekaa kwenye kiti cha washindi. Mke wa Wesley, Mama Kavata, akashona aproni kutokana na pazia lake la zamani, jekundu, lenye maua ya waridi makubwa kama sahani. Aliyeshindwa anakaa nayo mwaka mzima, aifue na kuipiga pasi.

Mwaka 1985 Mzee Wathome alishindwa. Mwaka 1986 alishindwa. Sitaendelea kuhesabu, kwa sababu hesabu ni hiyo hiyo hadi 2002. Alishindwa kwa pointi nyingi, alishindwa kwa pointi moja, na mwaka mmoja alishindwa kwa sababu nyuki waliingia uwanjani wakachagua upande wetu. Kila mara aliifunga ile aproni kiunoni, akashika kisu na kuwakatia watu wa Mukuyoni nyama huku akiimba. Watoto wa ranchi walikua wakimwita Mzee wa Waridi. Nyama yake ilikuwa tamu kweli, tuseme ukweli, na nadhani Mukuyoni walizidi kufanya mazoezi kwa sababu hiyo.

Lakini tusidanganyane. Iliuma. Aliwahi kuniambia dirishani, bila utani, kwamba hajali kombe, hata punda alichukue. Alichotaka ni siku moja tu kabla ya kustaafu akae kwenye kile kiti cha washindi, na Wesley amletee ini la kwanza kwenye sahani. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Juni ikipita, Septemba anaenda Katangi, na aproni anaenda nayo.

Na dawa ya kushinda ilijulikana na kila mtu, hapo ndipo roho zilipotuuma. Mukuyoni walikuwa wakifyatua kwa kidole cha kati. Bolti wanaishika kwa kidole gumba na cha shahada, wala hawaiachi, na kidole cha kati kinangoja kwenye triga. Ni haraka ajabu! Vijana wetu, wanaoachia bolti na kurudisha kidole cha shahada, wanabaki nyuma. Kila mwaka walimwomba Mzee awafundishe mtindo ule, na kila mwaka alikataa katakata. Alisema kidole kinachongoja kwenye triga kina kiherehere, na bunduki haina haja ya kiherehere cha mtu yeyote. Kwenye mashindano kitakupotezea risasi, na siku ya kazi kitampata mtu asiye na hatia.

Alitueleza pia ubaya wake ndani ya bunduki. Triga ndiyo inayoishika pini ikae nyuma, imekokiwa. Kama kidole kimeshaibana triga kabla bolti haijalala, hakuna wa kuishika pini. Inaandamana na bolti mpaka mbele, pole pole, bila nguvu. Wewe unaona bunduki imefungwa vizuri. Unafinya. Kimya. Hapo wengi hubabaika, huvuta bolti tena, na risasi nzima inaanguka majanini bure. Mzee aliwafundisha dawa, kwa sababu yeye hufundisha hata makosa asiyoyataka. Mtutu ubaki kwenye shabaha, bolti ibaki imelala, uvute kwa vidole kile kifundo kilicho nyuma ya bolti mpaka kilie tak. Bunduki imekokiwa upya na risasi haijapotea. Somo hilo alilirudia kila Alhamisi alasiri, wakati watu wamechoka, na wote walilichukia. Walisema ni la kazi gani, wakati kidole cha kati chenyewe kimepigwa marufuku?

Timu yetu mwaka huu iliongozwa na Kamanthe, skauti kutoka Kithimani, msichana mwepesi, mwenye maneno mengi na jicho la mwewe. Alikuwa na siri yake. Alipoona mwaka wa mwisho wa Mzee unakaribia, aliamua atampatia ini lake kwa njia yoyote. Akajifundisha kidole cha kati peke yake, nyuma ya banda la kuku, kwenye komeo jipya nililokuwa nimelinunua juzi tu. Hayo aliyasema mwenyewe baadaye, kwa kicheko. Mimi wakati ule nilidhani ni kuku wanaobisha hodi.

Siku ya mashindano ilifika, tukajaza bonde. Mzee Wathome alikuja na aproni begani, imepigwa pasi na mama wa nyumbani kwake, maana kanuni inasema mwenye nayo ailete. Mzee Wesley alimpokea kwa kumuuliza kama amelala vizuri na kama kisu kimenolewa. Mzee alimjibu kwamba kimenolewa, na akitaka atamnyoa nacho ndevu. Watu wakacheka, lakini nilimwona Mzee akilipapasa lile pazia kwa kidole gumba, akilikunja na kulikunjua.

Mizunguko ilikwenda sambamba mpaka tukabaki na wapigaji wawili, wetu Kamanthe, na wao kijana Mulwa, yule ambaye kidole chake cha kati kinajulikana mpaka Katelembo. Kila mmoja risasi kumi, dakika moja, refa ameshika saa. Mukuyoni walikuwa mbele yetu kidogo tu. Mulwa akaanza. Jamani, ilikuwa kama mtu anayekaanga popkoni! Alimaliza kabla ya muda, na ni mbili tu zilizokwenda pembeni.

Kamanthe akalala chini. Risasi ya kwanza, safi. Ya pili, safi, na haraka isiyo ya kwetu. Nikamtupia Mzee jicho, nikaona shingo yake imenyooka, maana alikuwa amekiona kile kidole. Alijua kilichokuwa kikitendeka kabla ya mtu mwingine yeyote. Angeweza kuita, lakini kanuni zinakataza mkufunzi kutoa sauti, na akifanya hivyo timu inatolewa. Akabaki amesimama, aproni kifuani, mdomo wazi.

Risasi ya tatu. Kamanthe akavuta, akasukuma, na kile kidole chenye kiherehere kikabana triga kabla bolti haijalala. Akafinya. Kimya.

Upande wa Mukuyoni wakaanza kupiga miluzi. Mtu mmoja wao akapaza sauti kwamba makaa yawashwe. Mimi niliziba macho, kisha nikachungulia kati ya vidole, kwa hivyo nililiona jambo lote. Kamanthe hakuvuta bolti. Mtutu wake haukutikisika. Alinyoosha mkono nyuma, akakishika kile kifundo, akakivuta pole pole kama ilivyokuwa Alhamisi alasiri, na bonde zima likasikia tak. Kidole cha kati kikakunjwa. Kidole cha shahada kikaja mahali pake. Akapumua. Akafinya, na risasi ya tatu ikaingia katikati kabisa!

Zilizobaki alizipiga kwa mtindo wa Mzee. Vuta, sukuma, laza, pumzi, finya. Sisi sote tulikuwa tukipumua naye, wapishi, wachungaji, mhasibu na miwani yake. Ya kumi ilitoka refa akiwa ameshainua bendera nusu. Wakaenda kuhesabu mashimo kwenye ubao, wakahesabu tena, na Mzee Wesley akaomba wahesabu mara ya tatu. Zote kumi zilikuwa ndani. Nzeveni tumeshinda!

Siwezi kueleza kelele zile. Mpishi wetu alimbusu refa. Meneja alirusha kofia yake, ikachukuliwa na upepo, na tukaipata Jumatatu. Kamanthe alibebwa juu kwa juu mpaka akatushushia matusi ya kirafiki.

Lakini Mzee Wathome hakusogea, na kidogo kidogo kelele zikapungua. Tuliogopa, nawaambia. Tulimjua. Mtu aliyevaa pazia miaka yote hiyo badala ya kuruhusu kidole kile, je, atakaa kwenye kiti alichopatiwa kwa kidole hicho hicho? Nilijua anaweza kujifunga aproni mwenyewe na kwenda kwa mbuzi, na hakuna ambaye angemzuia. Hata Mzee Wesley alikuwa ameacha kutabasamu, na yeye ndiye aliyeshindwa.

Mzee akamwendea Kamanthe. Akamshika mkono wa kulia, akakichomoa kidole cha kati na kukitazama mbele ya watu wote kama daktari wa meno. Kamanthe akaanza kuomba msamaha, machozi yanamlengalenga, akisema alitaka tu amletee ini. Mzee akatoa leso yake, akakifunga kile kidole mizunguko mingi mpaka kikawa kama hindi la kuchoma, akakaza fundo. Akasema kidole hiki kimefungiwa mpaka Jumatatu. Halafu akakinyanyua cha shahada, akakipiga busu, akasema hiki ndicho kilichoshinda, na kwa ushindi wa hiki atakula.

Akavuka uwanja, akamfunga Mzee Wesley ile aproni kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Kamba hazikutosha. Wesley ana tumbo la mtu ambaye amehudumiwa tangu 1985, ikabidi tumuongezee kipande cha kamba ya katani. Mama Kavata alicheka mpaka akakaa chini, maana hakuwahi kuliona pazia lake likiwa juu ya mume wake.

Ini la kwanza lilikuja kwenye sahani. Mzee Wathome alikaa kwenye kile kiti, miguu pamoja, mikono magotini, kama mtoto siku ya kupigwa picha. Wesley alipiga goti, akamkaribisha kwa heshima zote, bila utani hata kidogo. Mzee akatia kipande mdomoni, akatafuna, machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola. Tulimuuliza kuna nini. Akasema ini limeungua. Na limeungua kweli, nililionja! Baada ya vipande viwili aliinuka, akaenda kwenye makaa, akamsukuma Wesley pembeni na kuanza kumwonyesha namna ya kugeuza nyama. Alimaliza sherehe yake yote akiwa amesimama, akiwakatia watu wa Mukuyoni. Hata kiti hakikupata joto.

Hilo, ndugu zangu, ndilo limeniudhi tangu Juni. Amekaa kwa vipande viwili tu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Nzeveni, asante, Mzee. Asante kwa maskauti uliowalea, ambao kwa miaka yote hiyo hawajamjeruhi mtu kwa bahati mbaya, na hilo hakuna kombe lake. Asante kwa Alhamisi alasiri. Asante kwa makomeo pia, ingawa bado nina matatu ya kuagiza. Mama wa nyumbani kwako atakupokea Katangi na ndengu zake, na tunamwonya mapema kuhusu mlango wa jikoni.

Jumamosi saa sita tunakuaga ukumbini. Wesley ataleta aproni ya waridi, lakini haitakugusa, hiyo sasa ni yake. Tumeshona nyingine, moja kwa kila mfanyakazi, kuanzia meneja hadi mimi, na kitambaa ni mapazia ya ofisi, kwa hivyo msishangae jua likiingia. Mbuzi tutachoma sisi. Tutaunguza, hilo tunalijua. Wewe utakaa, Mzee, na Kamanthe amepewa zamu ya kusimama nyuma ya kiti chako, mkono mmoja begani kwako, ili usiinuke.

Umevuta, umesukuma, umelaza. Siku zilizobaki ziwe ile pumzi yako, ndefu, isiyo na wa kuiharakisha. Kaa, ule.

Kalekye, Stoo